Matumbawe mapya yananifia ndani ya siku tisa, nakosea wapi?

#1 Maskati_Baharini
Assalaam alaykum ndugu zangu. Tangi langu la maji ya chumvi ni la lita 200, lina wiki tisa tangu nilijaze. Mawe niliyaweka makavu, mchanga wa mfuko, samaki wawili na konokono sita. Alhamisi ya wiki iliyopita nilinunua matumbawe manne kwa mpigo: Euphyllia moja ya rangi ya dhahabu, Acropora ya kijani yenye urefu wa kidole, Zoanthus kumi na mbili juu ya kitako kimoja (kijiwe cha kubandikia matumbawe), na Sarcophyton, lile tumbawe ngozi lenye umbo la uyoga. Dukani yote yalikuwa yamechanua. Duka ni mwendo wa dakika arubaini kutoka kwangu.

Leo siku ya tisa. Acropora imeanza kuwa nyeupe kuanzia chini, nyama inabanduka, na ukiitazama kwa karibu unauona mpaka kati ya kijani na mfupa mtupu kama ukingo wa karatasi iliyochanwa. Euphyllia imejikunja, vidole vyake vimebaki kama punje za mchele. Sarcophyton limefunga kabisa, juu yake pana utando unaong'aa. Zoanthus saba zimefunguka, tano zimefumba.

Niliiacha mifuko ielee tangini dakika ishirini, kisha nikamimina kwenye ndoo na kuongeza maji ya tangi tone kwa tone kwa saa mbili nzima. Vipimo: joto 26.5, chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu), alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) 11.8 dKH, kalsiamu 440, naitreti sifuri, fosfeti sifuri. Taa za LED asilimia 80, masaa kumi kwa siku. Maji masafi kabisa. Sasa kosa liko wapi? Na usiku huu nifanye nini, maana silali, nashinda na tochi mbele ya kioo.

#2 Fundi_Tangi_Mvita
Waalaykum salaam. Wiki tisa kwa mawe makavu, tangi hilo bado changa yakhe. Bakteria wa kula amonia hukamilika wiki ya nne mpaka ya sita, sawa, lakini huo ni mwanzo tu. Mawe bado hayajatulia, leo yanavuta fosfeti, kesho yanaota mwani wa kahawia, kesho kutwa utelezi. Zoanthus na Sarcophyton zinavumilia. Acropora mimi simuuzii mtu kabla tangi lake halijatimiza miezi sita, na nikimpenda namwambia asubiri mwaka.

#3 Kiongozi_wa_Sinza
Mkuu Fundi umesema kweli ila umelipita jambo kubwa. Mleta uzi kaandika "maji masafi kabisa" kama sifa. Hapo ndipo ninapopaona mimi. Naitreti sifuri na fosfeti sifuri ni njaa. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi mwani wadogo sana wasioonekana kwa macho, wao wanapika sukari kwa mwanga na kumlisha mwenyeji wao. Mwani hao wanahitaji naitreti na fosfeti kama mahindi yanavyohitaji mbolea. Mimi naweka naitreti kati ya 5 na 10, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, na matumbawe yangu yana rangi.

Halafu alkalini 11.8! Baharini ni kama 7 hivi. Alkalini ya juu pamoja na njaa huunguza Acropora. Inasukumwa kujenga mfupa haraka wakati nyama ya kuufunika haipo.

#4 mgeni_wa_leo
Samahani wakuu, mimi nasoma tu. Tumbawe si jiwe? Au ni mmea? Mwani ndani, nyama, mfupa, nimechanganyikiwa.

#5 BintiShimoni
Karibu mgeni. Ni mnyama. Kila kitundu kidogo unachokiona juu ya tumbawe gumu ni kinyumba cha polipu, mnyama mwenye mdomo mmoja na vikonyo kuuzunguka mdomo huo, jamaa wa anemoni na kiwavuwavu. Chini yake anajenga mfupa wa chokaa, na huo ndio unaouita jiwe. Mwani ni mpangaji wake. Bahari ikipata joto kupita kiasi polipu anamfukuza mpangaji, nyama inabaki kama kioo, na mfupa mweupe unaonekana chini yake. Hapo bado yuko hai, ila ana njaa. Kwa hiyo Maskati, kwanza tuambie: hiyo nyeupe ya Acropora ni nyama iliyopauka, au nyama haipo kabisa?

#6 Maskati_Baharini
Haipo, dada. Nimegusa kwa kijiti, ni mfupa mtupu.

#7 BintiShimoni
Basi huko si kupauka, ni kubanduka. Chukua koleo kali ukate sentimita moja juu ya mpaka, ndani ya sehemu nzima, ubandike kipande kilichobaki kwenye kitako kipya. Ufanye usiku huu huu. Ukingoja asubuhi huenda usikute cha kukata.

#8 Mzenji_Leicester
Nakubali kukata. Lakini hakuna aliyemuuliza kuhusu taa. Asilimia 80 kwa masaa kumi, tumbawe limetoka dukani jana! Euphyllia na matumbawe laini yanaridhika na PAR, yaani kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani, ya 50 hadi 150. Acropora inataka hata 300, ila uifikishe pole pole. Mimi tumbawe jipya naliweka chini mchangani, taa asilimia 35, naongeza asilimia tano kila siku ya nne. Mwezi mzima. Jirani yangu hapa aliharakisha, akapoteza vitatu kwa wiki.

Na swali la pili: chumvi unapima kwa nini? Kwa sindano ile ya plastiki, au kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi kwa kuchungulia mwanga?

#9 Kijana_wa_Doha
Mzenji, taa ya nyumbani itamfanya nini tumbawe? Jua la saa sita mchana juu ya bahari linafika PAR 2000. Hizi taa zetu ni vibatari.

#10 BintiShimoni
Kijana, juani pale juu ndiyo. Lakini nikitoa kipande mita sita nikakipanda mita mbili siku hiyo hiyo, kinapauka mbele ya macho yangu, na bahari ni ileile, maji yaleyale. Tunaotunza vitalu tumelipa ada ya somo hili. Tumbawe hujipanga kwa mwanga linaoishi nao. Likiishi gizani hujaza mwani wengi, ukilitoa ghafla nje mwani hao wote wanazidiwa na mwanga kwa pamoja. Dukani vipande vingi hukaa chini ya taa hafifu za buluu, rangi zing'ae mteja apendezwe.

#11 Maskati_Baharini
Mzenji, napima kwa sindano ya plastiki. Ilikuja na tangi.

#12 Mzenji_Leicester
Tafuta refraktomita leo. Hiyo sindano ikishikwa na viputo viwili vya hewa inapanda yenyewe, ikishikwa na ganda la chumvi kwenye kiungo inakwama chini. Na refraktomita usiisawazishe kwa maji matamu, isawazishe kwa maji maalumu ya chumvi gramu 35 kwa lita, maana huko ndiko unakopimia.

#13 Maskati_Baharini
Ndugu zangu, nimerudi. Nimeazima refraktomita kwa mtu, tumeisawazisha kwa maji ya 35. Tangi langu linasoma 1.030. Nimerudia mara tatu. Sindano bado inasema 1.025. Nimepiga simu dukani, wao wanaweka 1.024.

#14 Mzenji_Leicester
1.030 ni karibu gramu 40 kwa lita. Umeyatoa 32 ukayatia 40 kwa saa mbili. Mimi mjadala wangu umeishia hapo.

#15 Kijana_wa_Doha
Haujaisha kaka. Ghuba hii ninayoitazama dirishani ina chumvi 40 na zaidi, na matumbawe yamo. Kiangazi maji yanafika nyuzi 34 na yamo vilevile. Kama 40 inaua, haya yameishije?

#16 BintiShimoni
Yamezaliwa humo Kijana, vizazi na vizazi. Hayo ya Maskati asili yake huenda ni Indonesia au Australia, na hata kama yamekatwa kutoka tangi la mtu, mama yake alikulia chumvi ya 35. Mchukue mtu wa Makambako umwache Doha mwezi wa saba bila maji, halafu umwambie mbona wenyeji wanaishi.

#17 Kijana_wa_Doha
Hapo umenipata bibie. Lakini bado nasema chumvi peke yake isingechubua Acropora kuanzia chini. Ingedhuru kote.

#18 Fundi_Tangi_Mvita
Ishushe kwa utaratibu lakini. Usitie maji matamu lita 25 kwa siku moja kwa hofu. Toa lita tano za tangi, rudisha lita tano za maji yaliyochujwa mpaka kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini) kisome sifuri, kila siku, siku tano. Utafika 1.026 bila kuyashtua. Maji ya bomba usijaribu, yakiwa na shaba hata kidogo konokono na matumbawe ndio wa kwanza kuondoka.

Na ninataka kujua kitu kimoja. Hiyo ndoo ya matone ya saa mbili uliiweka wapi?

#19 Maskati_Baharini
Sakafuni sebuleni, chini ya AC.

#20 Fundi_Tangi_Mvita
Astaghfirullah. AC umeiwekea ngapi?

#21 Maskati_Baharini
Nyuzi 19. Nyumba zetu za huku ndivyo zinavyokaa. Sikulifikiria hata kidogo. Mara moja nilitia mkono ndoo ikiwa na maji nusu, nikayaona ya baridi, nikadhani ni hali ya maji.

#22 Fundi_Tangi_Mvita
Lita tatu za maji juu ya vigae, hewa ya 19 inavuma juu yake saa mbili. Huenda yalishuka mpaka 22, kisha ukayarudisha kwenye 26.5 kwa dakika moja. Dakika zako ishirini za kuelea zilipotea zote. Mimi sasa naamini kosa ni ndoo.

#23 Kaka_Minnesota
Huku kwetu Januari nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo suala la ndoo nalijua. Naweka hita ndogo ndani ya ndoo yenyewe.

Ila njia ya matone naipinga hata ndani ya nyumba yenye joto, hasa kwa matumbawe yaliyosafiri siku nzima kwa ndege. Mfuko ukifungwa masaa mengi, tumbawe linapumua, hewa ukaa inajaa, pH inashuka. Uchafu wake unatoa amonia, lakini kwa pH hiyo ya chini amonia inakaa katika hali isiyo na sumu kali. Ukifungua mfuko hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu huku wewe unahesabu matone. Mimi nasawazisha joto tu, napima chumvi ya mfuko, naandaa maji ya karantini yenye chumvi hiyohiyo, nalihamisha, namaliza. Kuipandisha chumvi nakufanya siku zinazofuata.

#24 Kiongozi_wa_Sinza
Kwa safari ndefu nakubali mkuu. Lakini yake ilikuwa dakika arubaini. Amonia gani hapo?

#25 Kaka_Minnesota
Dakika arubaini sawa. Sikusema amonia ndiyo iliyomuua Acropora wake. Nasema saa mbili za ndoo hazikumpa faida yoyote, zimempa baridi tu.

#26 Mzenji_Leicester
Na hamjauliza kama aliyaosha. Maskati, uliyaosha kwa dawa kabla ya kuyatia? Ulivitoa vitako vya dukani?

#27 Maskati_Baharini
Hapana. Sikujua kama yanaoshwa.

#28 Mzenji_Leicester
Basi zima taa, ngoja saa nzima, halafu mulika shina la Acropora kwa tochi nyekundu. Tafuta alama za mviringo zilizopauka, kama mtu kabonyeza kalamu. Wapo minyoo bapa wanaoila Acropora tu, wembamba na wana rangi ileile ya nyama yake, utamtazama mnyoo usimwone. Anaacha alama hizo na anataga mayai ya kahawia chini kwenye mfupa, pale ambapo wewe unaona pameanza kubanduka. Dawa ya kuoshea inamwangusha mnyoo lakini mayai hayaguswi, ndiyo maana naosha kila siku ya sita, mara nne au tano, na kitako cha dukani natupa siku ya kwanza. Zoanthus nazo zina konokono wao wasio na gamba, wanakula Zoanthus na kuvaa rangi zake. Na kwenye vitako huja Aiptasia, anemoni ya kahawia. Moja leo, mia mwakani.

#29 Muuguzi_Tanga
Naomba niwakatishe hapo kabla mtu hajaanza kusugua. Zoanthus na hasa jamaa zake Palythoa wana sumu inaitwa palitoksini, miongoni mwa sumu kali zinazojulikana. Usizisugue kwa mswaki bila glavu na miwani, maana zinarusha maji jichoni. Ukiwa na kidonda mkononi usizishike. Na kamwe, kamwe, mawe yenye Zoanthus usiyachemshe wala kuyamwagia maji ya moto, mvuke wake umelaza familia nzima hospitalini. Dalili ni ladha ya chuma mdomoni, homa, kubanwa na kifua, misuli kuuma. Mkiziona nendeni hospitali na mumwambie daktari mmeshika nini, maana yeye hatahisi. Mnao watoto nyumbani.

#30 Maskati_Baharini
Ahsante sana Muuguzi. Mwanangu wa miaka minne alitia mkono tangini juzi. Nimefunga mfuniko leo.

Mzenji, nimemulika. Zipo alama nne za mviringo upande wa nyuma. Lakini mnyoo sikumwona, wala mayai. Nimekata kama alivyosema BintiShimoni, kimebaki kipande cha sentimita mbili.

#31 Mzenji_Leicester
Nne zinatosha kwangu.

#32 BintiShimoni
Hazinitoshi mimi. Nyama inayokufa kwa mshtuko nayo hutoka kwa mabaka ya mviringo kabla mabaka hayajaungana. Bila mnyoo wala yai siwezi kusema.

#33 Dereva_wa_Nungwi
Wakuu, kwani lazima ununue? Mimi niko ufukweni, maji yakitoka bamvua natembea juu ya matumbawe kwa miguu. Si nichukue mawili matatu nijaribu? Ya hapahapa yatakuwa yamezoea.

#34 BintiShimoni
Kaka Dereva, tafadhali usifanye. Kuvunja tumbawe mwambani bila kibali ni kosa kwenu na kwetu. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hata kipande kilichokufa hakivuki mpaka bila karatasi. Na uache sheria. Tumbawe la duara la ukubwa wa mpira wa miguu limekua kwa sentimita moja hivi kwa mwaka, pengine chini ya hapo. Unalolibeba kwenye ndoo lina miaka kumi na zaidi. Hata kutembea juu yake maji yakitoka kunavunja. Ukitaka kuyaona yakiwa mazima, vaa miwani ukaelee Chumbe, kisiwa cha hifadhi hukohuko Zanzibar.

#35 Babu_Ngalawa
Binti amesema vyema. Mimi nimezamia tangu ujana wangu, pweza na kamba. Mwaka 1998 mwezi wa tatu na wa nne nilishuka sehemu niliyokuwa naijua kama ua wa nyumba yangu, nikadhani nimepotea. Mwamba wote mweupe, kana kwamba mtu kapita na ndoo ya chokaa usiku. Maji yalikuwa ya vuguvugu mpaka chini. Wiki chache baadaye weupe ukawa kijani cha ukungu, mwani umeota juu ya maiti. Samaki walikuwepo bado, wanazunguka tu. Baadhi ya sehemu zimerudi, nyingine mpaka leo ni kifusi. Kwa hiyo nikisoma kijana wa Maskati halali kwa ajili ya tumbawe la kidole, nafurahi. Laiti tungekuwa wengi.

#36 Maskati_Baharini
Shikamoo babu. Umenigusa. Nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe kuta zake ni mawe ya matumbawe, nikiwa mtoto nilikuwa nafuatisha vinyota vyake kwa kidole pale lipu ilipobanduka. Sikujua kuwa kila kinyota ni kinyumba cha mnyama.

#37 Babu_Ngalawa
Marahaba mwanangu. Hivyo vinyota ndivyo. Na mafundi wa zamani walikuwa na siri: Porites, tumbawe gumu la bonge, hukatwa baharini likingali bichi, laini kama sabuni, unalichonga maua na maandishi, likikauka hewani linakuwa gumu. Mihrabu na miimo ya milango ya Kilwa na Lamu ni hilo. Chokaa nayo ilikuwa matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo na kuchomwa. Leo tunajua gharama yake.

#38 Kaka_Minnesota
Babu, na huku tunawarudishia chokaa hiyohiyo! Maji ya chokaa ndiyo ninayotumia kulisha kalsiamu na alkalini. Gramu moja na nusu kwa lita ya maji yaliyochujwa, unaacha itue, maji masafi ya juu unayadondosha usiku kufidia yanayokauka. Pole pole sana, pH yake inapita 12, ukimimina kikombe kwa mara moja umeua tangi.

#39 mgeni_wa_leo
Chokaa ya dukani kwa mangi, ya kupaka ukuta, inafaa?

#40 Fundi_Tangi_Mvita
Haifai mgeni. Ina uchafu usioujua, na ikikaa wazi inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa unga wa jiwe tu usioyeyuka. Nunua ya daraja la chakula, mfuko uliofungwa.

#41 Mukubwa_Buja
Bakubwa, mimi niko Bujumbura, ninafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, maji ya pH 9, habari za matumbawe sizijui. Lakini ninyi mnagombana juu ya sababu, mimi ninaona mtu mmoja aliyebadilisha vitu sita kwa siku moja: joto, chumvi, alkalini, mwanga, chakula, na jirani wapya. Samaki wangu wa Tropheus nikiwahamisha, siku tatu siwapi chakula, siwashi taa, siwasumbui. Wakifa najua si mimi.

#42 Kiongozi_wa_Sinza
"Jirani wapya" umesema neno mkuu. Sarcophyton linatoa kemikali majini kuzuia wenzake wasikue karibu. Kwenye bahari zinachukuliwa na maji, kwenye lita 200 zinabaki. Maskati, tia mkaa wa kuchujia, gramu mia moja, ubadilishe kila baada ya wiki mbili. Na Euphyllia ilale mbali na wenzake sentimita 15 angalau, usiku inanyoosha vikonyo vya kuchoma.

#43 Fundi_Tangi_Mvita
Na huo utando wa Sarcophyton usiutie hesabuni kama ugonjwa. Linavua ngozi, hulifanya mara kwa mara, wiki moja au mbili limefunga. Lielekezee mkondo wa maji ung'oe ngozi. Usiibandue kwa mkono.

#44 Maskati_Baharini
Habari zenu. Leo wiki ya tano tangu nifungue uzi. Chumvi 1.026, haijasogea wiki nne. Alkalini imeshuka yenyewe mpaka 8.6 baada ya kubadilisha chapa ya chumvi. Taa asilimia 45. Nimeacha kusafisha mawe na nawalisha samaki zaidi, naitreti 6, fosfeti 0.05. Mkaa umo. Vitako vyote nimevitoa, nimeosha mara nne.

Sarcophyton lilivua ngozi siku ya kumi na nne, ikatoka nzima kama karatasi iliyolowa, chini yake limechanua mpaka siamini. Euphyllia vidole vimerudi urefu wa kidole gumba. Zoanthus zilikuwa kumi na mbili, zimefumbuka kumi na moja, na pembeni kimechipuka kichwa kipya cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Acropora ilidumu siku sita baada ya kukatwa, halafu ikabanduka yote usiku mmoja. Nimeuweka mfupa wake dirishani.

Sitanunua nyingine mpaka tangi litimize mwaka. Nawashukuru wote.

#45 Mzenji_Leicester
Hongera. Umeosha mara nne na vitako umetupa, ndiyo maana vilivyobaki vimepona.

#46 Kiongozi_wa_Sinza
Hapana mkuu, naitreti 6. Vimekula.

#47 Kaka_Minnesota
Chumvi haijasogea wiki nne. Soma tena sentensi yake ya tatu.

#48 BintiShimoni
Taa 45. Na Acropora ilikwisha kupata kipigo cha taa kabla hatujajua uzi huu. Maskati, huo mfupa utazame kwa kioo cha kukuzia, mayai ya minyoo makavu hubaki. Utupe jibu, angalau hilo moja tulijue.

#49 Maskati_Baharini
Nimetazama dada. Kuna vidoa vitatu vya kahawia karibu na alipokatwa. Vinaweza kuwa mayai, vinaweza kuwa gundi.

#50 Salma_Kigamboni
Hodi jamani. Nimesoma uzi wote toka juzi. Leo nimenunua Zoanthus tano, ziko mfukoni, taa nimezima, ndoo iko mbali na feni. Dukani chumvi ni 1.023, yangu 1.026. Nilishushe tangi langu au nizipandishe zenyewe?

#51 Fundi_Tangi_Mvita
Zipandishe kwa ndoo, saa moja na nusu, hita ndani.

#52 Kaka_Minnesota
Usiguse ndoo dada. Chombo cha lita kumi, hita, pampu ndogo, chumvi 1.023, na uipandishe kwa siku tatu. Glavu umevaa?